Mwalimu mkuu ataka ukurasa mmoja siku moja, na watoto wangu wamekwama

BARUA

Shikamoo Bi Mwalimu,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima wa afya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma hapa kisiwani Lamu. Nimefundisha miaka 11, na 6 kati ya hiyo nimeikalia shule hii. Nafundisha Hisabati na Sayansi Gredi ya 4. Shule siitaji, nawe nakuomba usiitaje hata ukiikisia, maana kisiwa ni kidogo na sitaki kumvunjia mtu heshima yake.

Mwaka huu tumeletewa mwalimu mkuu mpya. Ni mtu wa bidii, hilo simnyimi. Hufika kabla mlinzi hajafungua lango, na choo cha wasichana kilichokuwa kimeharibika miaka 2 kilitengenezwa wiki ya tatu tangu aripoti. Lakini katika mkutano wake wa kwanza na walimu alitangaza kuwa kuanzia siku ile mikondo yote ya gredi moja itafundisha ukurasa mmoja siku moja. Maandalio ya somo hatuandiki tena. Hununuliwa tayari, yakapigwa chapa saiba, kisha kila Ijumaa mwalimu hupewa yake na kutia sahihi. Kila andalio limegawa zile dakika 35 za kipindi: 5 za utangulizi, 25 za somo, 5 za kuhitimisha. Hata maswali ya kuwauliza watoto yameandikwa. Ukitoka nje ya karatasi, unaandikiwa barua ya kujieleza. Alisema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama," akafunga mkutano.

Mwezi wa pili tukafikia mada ya urefu. Wewe unajua, Bi Mwalimu, Gredi ya 4 ndipo watoto wetu wanapotolewa katika lugha ya nyumbani na kuanza kufundishwa Hisabati kwa Kiingereza. Hadi Gredi ya 3 mtoto alikuwa akisema urefu, upana, gawanya. Leo anafungua kitabu hakuti neno alijualo. Siku ya kwanza nilisoma swali la karatasi kama lilivyo, hapakunyooka hata mkono mmoja. Nikalirudia kwa Kiswahili, ikanyooka mikono 4. Darasa lina watoto 46. Nilipopita katikati ya madawati nikaona wengi wameandika kuwa mita 3 ni sentimita 30, na mmoja ameandika kalamu yake ina urefu wa mita 14.

Karatasi ilitaka kesho yake tujumlishe mita na sentimita. Sikuweza. Nitawajumlishisha nini watu wasioijua mita?

Nikawachukua hadi kwa fundi wa mashua, ukingoni mwa maji, mwendo wa dakika chache kutoka shuleni. Fundi alikuwa na ubao umelazwa juu ya magogo. Akawaambia, "Ndooni wanangu, upimeni." Akaanza mwenyewe kwa dhiraa, kutoka kisukusukuni hadi ncha ya kidole cha kati, akapata 12. Mvulana mmoja mrefu akapima, akapata 14. Kisha akaja msichana aliye mdogo kuliko wote, ambaye tangu Januari sikuwahi kuuona mkono wake ukinyooka. Akapima taratibu, kila mara akiweka kisukusuku pale pale ncha ya kidole ilipoishia, akapata 15. Wenzake wakaanza kubishana nani kakosea. Yeye ndiye aliyesema, "Ubao ni mmoja. Mbona hesabu ni tatu?"

Fundi akatoa tepu mfukoni. Mita 5 na sentimita 40. Akapima kila aliyetaka kupima, na jibu likawa hilo hilo. Tuliporudi darasani tukapima dhiraa ya kila mmoja wao kwa rula, na ile ya fundi tuliyokuwa tumeiandika, sentimita 45, tukaijumlisha mara 12 ubaoni mpaka ikafika 540. Siku ile hapakuwa na mtoto aliyesema mita 3 ni sentimita 30.

Mada iliyopewa siku 1 ilinichukua siku 3. Siku ya nne nikakuta barua ya kujieleza juu ya meza yangu. Na mwisho wa muhula, mtihani wa pamoja ulitungwa kwa kufuata kurasa. Maswali 4 yalitoka mahali tusipopafikia, mkondo wangu ukawa nyuma ya mwenzake, na orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mzazi mmoja akanisimamisha sokoni mbele za watu akaniuliza kama ni kweli nawapeleka watoto pwani kucheza.

Mwenzangu wa mkondo wa pili ni kijana, ndiyo kwanza aanze kazi mwaka huu. Yeye karatasi anaipenda. Aliniambia, "Mwalimu, bila hii mimi ningeshaaibika." Sikumjibu.

Mume wangu asema nifuate tu, kwani mshahara ni ule ule. Dada yangu aliye Malindi asema niombe uhamisho. Mimi nahisi nimekuwa msomaji wa karatasi. Nifuate, nihame, au nipigane?

Mwalimu wa Gredi ya 4, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma usiku, nikairudia alfajiri, na mara zote mbili nilisimama pale penye ubao wa fundi. Nimefundisha miaka 34, ya mwanzo Malindi na iliyobaki katika visiwa hivi, na maswali kama la yule msichana nimeyasikia kwa nadra sana. Ufaransa ilibuni mita miaka ya 1790 kwa sababu kila mji ulikuwa na kipimo chake na wafanyabiashara wakigombana. Mtoto wa miaka 9 au 10 amefika hapo kwa mkono wake mwenyewe, juu ya ubao wa mashua. Kazi hiyo umeifanya wewe, na hakuna orodha ya ubao wa matangazo itakayoifuta.

Msimamo wangu ni huu. Mwalimu mkuu wako amekosea kuhusu ukurasa mmoja siku moja. Anachokiogopa, lakini, ni cha kweli, na usipokielewa hutashinda hata ukiwa na haki.

Tuanze na haki yako. Weka karatasi ya saiba kando, ufungue mtaala wenyewe uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Utaona kwamba shughuli za ujifunzaji zimeitwa shughuli zinazopendekezwa. Idadi ya vipindi vya kila mada nayo imeandikwa kuwa ni pendekezo. Lililo lazima ni lile mtoto anatakiwa aweze kulifanya mada ikiisha. Njia ya kufika huko ameachiwa mwalimu, na ameachiwa kwa makusudi. Mtaala huu ulioanza kufundishwa kote nchini 2019 unauliza mtoto anaweza kutenda nini, na aliyeko Nairobi hana namna ya kujua kwamba Jumanne fulani, katika darasa fulani la Lamu, mita 3 imekuwa sentimita 30. Wewe uliliona kwa macho. Kumwambia mwalimu aliyeona kosa kama hilo alipite kwa sababu tarehe imefika ni kumwambia daktari agawe dawa kwa kufuata kalenda.

Wala hili si jambo la jana. Tarehe 5 Oktoba 1966 UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, na ndiyo sababu Siku ya Walimu huadhimishwa tarehe hiyo. Wanasema humo kuwa mwalimu ndiye mwenye ujuzi wa kupima ni zana na mbinu zipi zinawafaa wanafunzi wake, na kwamba ukaguzi uwe wa kumtia moyo na kumsaidia, usimpunguzie uhuru wala ari wala wajibu wake. Lakini walimu wengi tukinukuu maneno hayo huruka kipande kimoja: uhuru huo ni ndani ya programu iliyoidhinishwa, kwa kusaidiwa na wakuu wa elimu. Umepewa kuamua namna. Kuamua kwamba mada fulani haifundishwi kabisa, hilo hukupewa.

Hapo ndipo mwalimu mkuu wako anapoingia. Mtu anayetengeneza choo cha wasichana wiki ya tatu si adui wa watoto. Jiulize alikuta nini alikotoka. Mimi nitakusimulia nilichokikuta mwenyewe. Nilihudumu katika shule ambamo kila mwalimu alikuwa huru, na uhuru wenyewe ulikuwa ni mlango kufungwa. Mmoja alikuwa amemaliza kitabu mwezi wa nane, jirani yake yuko mada ya tatu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Mwaka uliofuata nikapokea watoto wa yule wa pili. Hawakuwahi kuigusa mada ya sehemu hata siku moja. Nikiandika nusu jumlisha robo, wananitazama kama ninayewasemesha kwa lugha ya mbali. Nililia ofisini, sikuficha. Watoto wale walikuwa wameibiwa mwaka mzima na hakuna aliyejua, kwa sababu sote tulikuwa tukiheshimiana kwa kutoingiliana. Mwalimu mkuu akishapitia shule ya namna hiyo, karatasi moja kwa wote humjia kama maji ya kisima wakati wa kiu. Nakuomba umwone hivyo kabla hujaingia ofisini kwake.

Na karatasi yenyewe tusiionee. Programu ya kufundisha kusoma iitwayo Tusome ilipoingia shule za msingi 2015, miongozo yake ilimweleza mwalimu wa madarasa ya chini hatua kwa hatua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilikuwa miongoni mwa waliokunja uso. Baada ya muda nikawasikia watoto wa darasa la 2 wakisoma aya nzima pasipo kuvuta herufi moja moja, ikabidi niukunjue. Lakini nilitazama pia ni nini kilichokuja pamoja na ule mwongozo. Kila mtoto alikuwa na kitabu chake mkononi. Na afisa wa mitaala alikuja na tableti yake, akaketi dawati la nyuma, akasikiliza somo mpaka mwisho, kisha mkazungumza nini kimeshika na nini kimeteleza. Karatasi yenu haina mtu nyuma yake. Inakuja Ijumaa, inatiwa sahihi, basi. Benjamin Piper na wenzake, waliofanya kazi na Tusome yenyewe, walilinganisha miongozo ya nchi mbalimbali na kutoa matokeo 2018. Waliona miongozo huwasaidia watoto kujifunza. Ile iliyoandikwa neno kwa neno, hata hivyo, ilisaidia kidogo kuliko ile myepesi inayomwelekeza mwalimu na kumwachia maneno yake.

Sasa nikushike sikio kwa jambo lililoniuma katika barua yako. "Sikumjibu." Kijana mgeni wa kazi amekuambia mbele ya uso wako kwamba bila karatasi angeaibika, nawe, mwenye miaka 11, ukanyamaza. Ng'ambo ya ukuta wako kuna darasa zima la watoto, nao ni watoto wa mji ule ule. Mwanagenzi wa fundi huchorewa mstari wa mkaa juu ya ubao kabla hajashika msumeno. Fundi mzee hukata kwa jicho, kwa kuwa mashua zetu hujengwa bila ramani. Lakini mwanagenzi akikata, fundi amesimama hapo hapo, anamwona. Kijana wako amepewa mstari wa mkaa na fundi hana. Karatasi kwake si kosa, na usimdharau kwa kuipenda. Wewe ndiwe uliyekosekana.

Jambo lingine nitalisema kwa ukali kidogo, nivumilie. Barua yako haisemi kama uliomba ruhusa ya kutoka. Watoto 46 ukingoni mwa maji, na watu wazima ni wewe na fundi aliye kazini kwake. Kama uliondoka bila mwalimu mkuu kujua na bila wazazi kuarifiwa, kwa hilo anayo haki yote ya kukuandikia, nami ningekuandikia. Uhuru wa kuchagua mbinu hauingii katika usalama wa mtoto. Litenge jambo hili na mengine, ukiri kosa lako pale lilipo, ndipo utaweza kuzungumza juu ya Hisabati bila mtu kukurudisha pwani kila sentensi.

Unauliza uhame? Mimi nasema bado. Visiwani tunajua mwalimu akipanda boti na kuondoka nafasi yake hukaa wazi muda gani, na ni nani anayejaza vipindi vyake. Richard Ingersoll, ambaye kabla ya kuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwa mwalimu wa sekondari, aliona katika shule za Marekani kwamba pale walimu wanapokuwa na sauti katika maamuzi ya shule, ugomvi hupungua, na walimu wachache huondoka. Huko Uingereza nako, utafiti uliotolewa 2020 na taasisi yao ya kitaifa ya utafiti wa elimu ulionyesha kuwa mwalimu mwenye nafasi ya kuamua mambo ya kazi yake huridhika zaidi na hutaka kubaki. Na lililokuwa na uzito kuliko yote lilinishangaza, kwa maana nilidhani litakuwa mbinu za darasani. Lilikuwa ni uhuru wa kuchagua malengo yake mwenyewe ya kujiendeleza. Ile "nahisi nimekuwa msomaji wa karatasi" uliyoiandika ndiyo inayowatoa watu shuleni, na mwalimu mkuu anayetaka shule isimame anahitaji kuisikia kutoka kwako kabla hajaisoma katika fomu yako ya uhamisho.

(Utawasikia pia watu wakitaja Ufini, waliofuta ukaguzi wa shule mapema miaka ya 1990. Ni kweli, ila kule mwalimu wa darasa huhitimu shahada ya uzamili kwanza. Usiingie ofisini na Ufini mdomoni.)

Ingia na ombi moja dogo. Usiombe "uhuru", neno hilo litamtisha. Omba kipimo kibadilike kutoka ukurasa kwa siku kiwe mada kwa wiki. Mikondo miwili ianze mada siku moja na kuimaliza siku moja, tuseme kila baada ya wiki 2. Mwanzoni watoto wote wapewe maswali mafupi yale yale, na mwishoni vilevile. Katikati, kila mwalimu aende kwa mwendo wa darasa lake. Hapo mwalimu mkuu anapata alichokitaka, kwamba hakuna mkondo utakaoachwa nyuma kimyakimya, nawe unapata zile siku 3 zako. Mtihani wa pamoja nao utungwe kwa mada ambazo mikondo yote imemaliza. Mtihani wa kurasa uliwapima watoto wako kwa mambo wasiyofundishwa, na orodha ile haikumwambia mzazi kitu chochote kuhusu kile walichokijua.

Amesema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, na mpe unahodha wake wote. Lakini hata yeye, kwa kuwa sasa yuko Lamu, atauona mwendo wa jahazi. Nahodha ameshika sukani na anajua waendako. Aliyeshika demani, ile kamba ya tanga, upepo ukichafuka ghafla huilegeza hapo hapo. Akingoja kuambiwa, tanga limekwisha kuchanika.

Halafu umpelekee na pendekezo la pili, la wewe na kijana. Nyinyi wawili mpange somo moja pamoja kila wiki 2, mmoja afundishe na mwenzake akae nyuma akitazama watoto, si akimtazama mwalimu. Kisha mkae mseme watoto walikwama wapi, mlirekebishe, na wa pili alifundishe katika mkondo wake. Wajapani wamefanya hivi miaka mingi, na kwetu si kigeni. Walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari waliokwenda mafunzo ya SMASSE, yaliyoanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, walirudi na maneno 4 ambayo mpaka leo ukiwaamsha usiku watakutajia: panga, fanya, tazama, boresha. Mwalimu mkuu mkaribishe aketi na nyinyi mara moja kwa muhula. Hamtamwongezea kazi, kwani tathmini ya utendakazi wa walimu tuliyo nayo tangu 2016 inamtaka aingie darasani hata hivyo. Aione mikono ikinyooka. Mimi nimewahi kuwaona wakuu wagumu wakilegea kwa sababu hiyo moja tu, kwamba waliketi nyuma na kumsikia mtoto akiuliza.

Suala la lugha ulilolitaja kwa kupita, usilipite. Mimi naona ndilo kiini. Karatasi ile iliandikwa kana kwamba mtoto wa Gredi ya 4 amezaliwa na Kiingereza. Watoto wako hawakushindwa na urefu, kwa kuwa walipolisikia swali kwa lugha yao na kushika ubao walilimaliza jambo mpaka chanzo chake. Walishindwa na maneno. Tundikeni bango ukutani, neno la Kiingereza na la Kiswahili bega kwa bega, liongezeke kila mada, na wiki ya kwanza ya kila mada itengewe maneno hayo. Hili lihusu Gredi ya 4 yote, mikondo yote. Ukilileta kama pendekezo la shule nzima, hutaonekana unajitafutia udhuru.

Na yule mzazi wa sokoni? Mwite. Yeye na wenzake. Katika mji huu karibu kila mtu amepitia chuo cha Kurani, na chuoni kwa kale kila mtoto alikuwa na somo lake. Mwalimu alimsikiliza mmoja mmoja. Sura haijakaa vizuri, kesho unairudia, hata kama mwenzako uliyeketi naye jamvi moja ameshavuka. Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika kwamba mwanawe na wa jirani hawako aya moja. Walichotaka ni kwamba akisoma, asome sawasawa. Waambie unafanya hilo hilo na mita, uwaonyeshe madaftari. Baba aliyefanya kazi baharini akiiona dhiraa katika daftari la mwanawe hatakuuliza tena habari ya kucheza.

Ikiwa mwalimu mkuu atakataa kila kitu, fundisha karatasi yake vizuri uwezavyo, na kando uandike kila siku watoto wangapi walishika na wangapi hawakushika. Andika idadi, hasira iache nje. Mwisho wa muhula mpelekee, na ukimwomba idhini, umshirikishe afisa wa mitaala wa eneo lenu, ambaye kazi yake ni hiyo. Usimruke mwalimu mkuu kwenda juu kabla hujarudi kwake mara ya pili. Chama cha walimu kipo, na barua ya kujieleza ikizaa nyingine na nyingine utakihitaji, kwa hiyo weka nakala za kila karatasi. Ila usianzie huko, bado mna nafasi ya kuzungumza.

Ile barua ya kujieleza ijibu kwa ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iwe ya kukiri kuhusu kutoka nje, kama hukuomba ruhusa. Ya pili iseme watoto wangapi walikosea swali la mita siku ya kwanza na wangapi siku ya nne. Ya tatu iwe ombi la wiki 2, lenye sahihi yako na ya kijana, akikubali. Mwambie leo, maana anakungoja umjibu. Umesema mwalimu mkuu hufika kabla lango halijafunguliwa. Basi Jumatatu nawe uwe hapo, kabla ya gwaride, ukiwa na barua hiyo mkono mmoja na mkono mwingine daftari la yule msichana, limefunguliwa pale alipoandika 15.